Kazi ya Kuchangisha: Anayeomba Sharti Aaminike

Hotuba kwa vijana wa Lodwar na Kakuma wanaotaka kuanza kazi ya kuchangisha fedha za hisani



Neno kuomba halina sifa nzuri masikioni mwa wengi. Kijana aliyesoma akisema anataka kazi ya kuchangisha fedha za hisani, jirani humuuliza kama alienda chuo kujifunza kuombaomba. Lakini Turkana kuomba kuna heshima na kanuni zake tangu jadi. Mfugaji aliyemalizwa na ukame hakai akisubiri. Huenda kwa mjomba, kwa shemeji, kwa rafiki aliyewahi kupeana naye mifugo siku za neema, akarudi na mbuzi wawili kutoka kwa huyu na ngamia kutoka kwa yule. Hupewa kwa sababu mbili: anajulikana, na mwenzake akipatwa na shida yeye pia hutoa. Asiyekumbuka fadhila hapewi mara ya pili. Msingi wa kazi ya mchangishaji ni huo huo.

Lodwar ina historia ya pekee katika jambo hili. Jomo Kenyatta, baada ya kifungo chake Lokitaung, aliwekwa kizuizini mjini Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mwaka 1963 aliifanya harambee kuwa wito wa taifa, na kwa harambee wananchi wakajenga shule na zahanati nyingi nchini.

Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Turkana na kaunti jirani, Wakenya waliitikia kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo la kwanza lilikuwa shilingi milioni 500, nalo likavukwa. Kampuni kubwa zilitoa, lakini pia wananchi wa kawaida walituma kidogo walichokuwa nacho kwa M-Pesa. Watu walitoa kwa sababu walionyeshwa shida iliyo wazi, njia rahisi ya kutuma, na msimamizi waliyemjua, Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Leo haja ni kubwa zaidi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, na kwa zaidi ya miaka 30 imetegemea sana fedha za serikali za nje. Januari 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote, ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwaka huo mgao wa chakula ulipunguzwa Kakuma na Kalobeyei, na miradi mingi ikakatika, pamoja na ajira za vijana wa kambini na wa jamii wenyeji. Kikundi kilichokuwa na mfadhili mmoja kilibaki mikono mitupu. Ndiyo maana kaunti inahitaji vijana wanaojua kutafuta fedha kwa wengi.

Hesabu yake si ngumu. Watu 200 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, kikundi hupata shilingi 20,000 kwa mwezi na 240,000 kwa mwaka. Fedha hizo hazijengi hospitali, lakini zinaweza kulipa karo au kutengeneza pampu ya maji iliyoharibika. Na mtu mmoja akiacha kutoa, 199 bado wapo.

Anayetaka kuanza kazi hii asingoje tangazo la ajira. Aanze na kikundi kidogo anachokijua: cha akina mama wanaosuka vikapu, cha vijana wa michezo, au kinachoongozwa na wakimbizi wenyewe. Ahakikishe kwanza kwamba kimesajiliwa. Vikundi vya kijamii vina Sheria ya Usajili ya 2022, na mashirika yana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Fedha ziingie katika akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, kamwe zisiingie katika simu ya mtu binafsi. Kwa wakimbizi, benki itataka kuona hati, hivyo ni vyema kuuliza mapema. Na kabla ya kupita sokoni au nyumba kwa nyumba, aulize ofisi husika kuhusu kibali.

Baada ya hapo ajifunze mambo matatu. La kwanza ni kuandika pendekezo la mradi kwa lugha nyepesi: shida ni ipi, nini kitafanywa, kwa gharama gani, na itajulikanaje kwamba kimefanyika. La pili ni bajeti yenye bei halisi za Lodwar au Kakuma, pamoja na nauli na mafuta. La tatu, ambalo wengi hulisahau, ni kurudi kwa aliyetoa. Stakabadhi itumwe mapema. Baada ya miezi michache mtoaji aambiwe fedha yake ilifanya nini, hata kama mambo hayakwenda sawa. Kisima kikichimbwa na maji yakatoka ya chumvi, aambiwe hivyo. Anayeambiwa ukweli ndiye hutoa tena.

Kuna jambo linalowagusa watu wa hapa moja kwa moja. Kwa miaka mingi picha za watoto wa Turkana waliokonda zimetumika kuchangisha fedha mbali, na wazazi wao hawakuulizwa. Mchangishaji aliyezaliwa hapa ana nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Zaidi ya sheria, kuna kipimo rahisi: je, mama huyo akiliona tangazo hilo ukutani sokoni, ataona haya? Kama ndiyo, lisitumike.

Mwisho ni malipo. Mchangishaji ni mfanyakazi na anastahili mshahara. Lakini asikubali kulipwa asilimia ya kila anachokusanya. Maadili ya chama cha kimataifa cha wachangishaji, AFP, yanakataza jambo hilo, kwa kuwa humfanya mtu kuwaza fungu lake kabla ya haja ya watu.

Kijana wa Lodwar anawajua wafugaji, na kijana wa Kakuma anaijua kambi. Kati yao kuna barabara ya kilomita zipatazo 120. Wakifanya kazi pamoja, watawafikia watoaji ambao hakuna mgeni angewafikia. Waanze na kikundi kimoja, mchango mmoja na taarifa moja ya kweli.