Tuhesabu na Watoto

Tukikutana sokoni twaulizana shule yetu imepata maksi ngapi. Na watoto je? Wakati wa KCPE, iliyokwisha 2023, shule zingine zilipandisha wastani kwa kurudisha darasa walio nyuma. Wengine waliona haya, wakaacha kabisa. Sheria ya Elimu ya 2013 inakataza jambo hilo. Tena pesa za serikali hupangwa kwa idadi ya wanafunzi. Akitoka mmoja, hata chaki inapungua!

Basi mkutanoni tumwulize mwalimu mkuu, bila ugomvi: walioingia gredi ya kwanza walikuwa wangapi, na wangapi wamefika ya sita? Waliopotea twawajua, wako kwenye machimbo ya mchanga. Twende kwao kabla shule hazijafunguliwa.