Tableti ya njiani na ya nyumbani: tuchague ile itakayotutumikia

Maneno tuliyosema sisi wa tereni mbele ya wanachama, Baraka, kabla ya kura juu ya ununuzi wa tableti



Tumeombwa tueleze kwa lugha nyepesi ni tableti gani mutuelle inunue. Tunajua kuna pande mbili hapa ndani. Upande mmoja unataka tableti kubwa, yenye ekra pana, ili komite nzima iweze kuangalia pamoja. Upande mwingine unasema: acheni hayo mambo, nunueni shitingi, lipeni minervali ya watoto. Pande zote mbili ziko na haki ya kusikilizwa, kwa sababu hela hii ni michango yenu ya kila mwezi, na nusu nyingine ni ya mfadhili aliyetuamini. Tukinunua vibaya, hakuna hela ya kununua tena.

Tuanze na kazi yenyewe. Tangu 2005, meli za HCR zilipoanza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka, wengi walishuka na mifuko tu, bila karatasi. Mpaka leo kazi ya kwanza ya mutuelle ni kuandika: nani amerudi, yuko na watoto wangapi, shamba lake liko wapi, nani analima ndani yake sasa, nani ametoa mchango. Katibu anapanda pikipiki kwenda Mboko na Swima, anapanda mlima kwenda Fizi, na wakati mwingine anachukua boti mpaka Kazimia. Daftari linalowa mvua. Akirudi, tunanakili upya, na katika kunakili jina moja linaandikwa mara mbili na lingine linaruka. Yule aliyerukwa ndiye anayekosa shitingi siku ya kugawa. Kwa hiyo tableti haishindani na shitingi. Inasaidia shitingi ifike kwa mwenyewe.

Lakini tableti hiyo hiyo, siku ambazo haiko njiani, italala nyumbani kwa katibu, na watoto wa wanachama watakuja kusoma nayo. Basi iko na kazi mbili, ya njia na ya nyumba. Tuichague kwa kuangalia mambo hayo mawili. Uzuri wake ndani ya butiki hautatusaidia kitu.

Jambo la kwanza ni moto. Wengi wetu hatuna moto wa SNEL, tunaishi kwa pano ya jua. Juu ya sanduku la tableti utaona namba ya batri: 5,000 mpaka 8,000, na herufi mAh. Ile ya 7,000 hivi, pano ya wati 20 inaweza kuijaza kwa masaa matatu ya jua kali, ikiwa pano imeelekezwa vizuri. Siku ya mawingu, hesabu ni nyingine kabisa. Pawabanki iliyoandikwa 10,000 haitoi 10,000 yote, ju sehemu inapotea njiani. Itajaza tableti ya 5,000 mara moja na kubakiza kidogo, lakini ile ya 7,000 pengine haitaifikisha juu. Mnaona sasa: ekra kubwa inakula moto zaidi, na pano ni ile ile. Tena tableti iwe na tundu la chaji la USB-C, lile la simu mpya za sasa, ili katibu akifika kijijini aweze kuazima kamba ya mtu.

Na hapa kuna ujanja ambao hauna bei. Punguza mwangaza wa ekra. Na mahali ambapo rezo ni dhaifu, funga rezo kabisa kwa alama ya ndege. Chombo kinachotafuta rezo mchana kutwa kinamaliza batri bila kufanya kazi yoyote.

Jambo la pili ni ukubwa. Inchi zinapimwa kutoka kona mpaka kona ya ekra. Tableti ya inchi 8 mpaka 9 iko na uzito wa gramu 350 hivi, inaingia ndani ya begi dogo la kifuani, na mtu anaishika kwa mkono mmoja akiwa anaandika na mwingine. Ile ya inchi 10 au 11 inafika karibu nusu kilo. Ni nzuri kwa watoto wawili kusoma pamoja, hatukatai. Lakini kwenye pikipiki, kwenye njia ya mashimo, kioo kikubwa ndicho kinachopasuka upesi. Mafundi wa simu tuko nao wengi, ila kioo cha tableti si rahisi kupata kama cha simu. Kwa hiyo tuchukue ndogo, ya aina inayojulikana hapa, na siku hiyo hiyo tununue kava ngumu ya mpira na kioo cha kinga. Safari ya boti, iingie ndani ya sashe ya plastiki iliyofungwa vizuri.

Jambo la tatu ni kadi ya SIM. Kuna tableti mbili zinaitwa jina moja na zinafanana usoni, lakini moja inapokea SIM na nyingine haipokei. Kwenye sanduku, ile isiyo na SIM imeandikwa Wi-Fi tu. Ile yenye SIM imeandikwa LTE, 4G au 5G. Yenye SIM inauzwa zaidi kidogo. Wengine wanasema katibu atumie rezo ya simu yake. Inawezekana, lakini simu ikigawa rezo nayo inakwisha moto haraka, na hapo anabaki na vyombo viwili vilivyozima. Sisi tunaona bora yenye SIM.

Hata hivyo, msiogope mega. Programu ya KoboCollect, ambayo mashirika mengi yanatumia kwa kujaza fomu, inaandika bila rezo. Katibu anajaza Kazimia, anahifadhi, na akifika Baraka anatuma zote pamoja. Maandishi peke yake yanakula mega kidogo sana. Picha ndizo zinakula.

Jambo la nne ni nafasi ya ndani. Tusichukue chini ya GB 64, kwa sababu ile ya 32 sehemu kubwa inaliwa na mfumo wenyewe kabla hujaweka kitu. Ile memori ya kufanyia kazi, inayoitwa RAM, iwe 4. Na iwe na mlango wa kadi ya memori, ju hapo ndipo tutaweka vitabu vya watoto.

Mjihadhari na sanduku linalosema GB 512 na RAM 16 kwa bei ya kuku wawili. Namba za sanduku ni karatasi tu. Kabla ya kutoa dola hata moja, washa tableti, ingia kwenye mipangilio, soma namba za ndani. Angalia ni Android ya ngapi. Ikiwa ya zamani sana, programu nyingi zitakataa kuingia. Weka SIM yako, piga picha, pitisha kidole kona zote nne za ekra, chomeka chaji uone kama inapanda. Kisha daieni fakture yenye ile namba ya chombo, IMEI, na nakala ikae kwa mweka hazina. Muuzaji akikataa mambo haya, asanteni, tuende butiki nyingine.

Jambo la tano ni kwa ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Australia. Wengi wenu mliondoka Nyarugusu mkapelekwa mbali, na mnapenda kututumia tableti mliyoacha kutumia. Tunawashukuru kwa moyo wote. Lakini tafadhali, kabla ya kufunga kifurushi, toeni kwanza akaunti yenu ndani ya chombo, halafu ndiyo mfute vyote. Msipofanya hivyo, ikifika huku itadai neno la siri la mwenyewe, na hakuna fundi mwaminifu wa kuifungua. Ulizeni pia kama haikufungwa kwenye kampuni moja ya simu ya huko. iPad ni chombo kizuri, lakini haina mlango wa kadi ya memori, na KoboCollect yenyewe haiingii ndani yake. Iko kwa Android. Na zile tableti za Amazon Fire hazikuja na duka la programu la Google. Kwa kusoma vitabu nyumbani zinafaa, kwa kazi ya katibu zinasumbua.

Sasa tufike kwenye jambo tunaloliona zito kuliko yote. Naomba tusikilizane hapa.

Ndani ya tableti hiyo kutakuwa na majina yenu. Kutakuwa na kijiji ulichotoka, shamba unalodai, na jina la mtu anayelilima sasa. Njia zetu mnazijua: bariere hapa, bariere pale, na siku nyingine hujui ni nani amesimama pale. Daftari likipotea ni hasara. Orodha kama hiyo ikiangukia mkono usiofaa, inaweza kuwasha ugomvi wa mashamba kati ya majirani ambao wazee wamehangaika miaka kuupoza. Tableti ikizama ziwani, tumepoteza dola. Tableti ikinyang'anywa ikiwa wazi, tumepoteza zaidi ya dola.

Kwa hiyo tunaomba masharti haya yapigiwe kura pamoja na ununuzi.

Ekra ifungwe kwa namba sita, wala isiwe mwaka wa kuzaliwa wa katibu. Android za sasa zinafunga vya ndani kwa siri zenyewe, ili mtu asisome bila namba. Lakini kadi ya memori kwa kawaida haifungwi hivyo: mtu anaichomoa, anaiweka ndani ya simu yake, anasoma yote. Basi kadi iwe ya vitabu, majina yasiingie hata moja. Fomu zikishatumwa, zifutwe ndani ya tableti; KoboCollect iko na sehemu ya kupanga zifutike zenyewe baada ya kutumwa. Orodha isipitishwe kwenye gurupu la WhatsApp, hata la komite. Picha ya mtu isipigwe bila yeye kukubali. Na tusibandike jina la mutuelle mgongoni mwa tableti. Isafiri kama chombo cha mtu yeyote.

Nyumbani nako kuna utaratibu. Tableti nyingi za Android zinakubali watumiaji wawili, kila mmoja na mlango wake. Tuulize hilo kabla ya kununua. Mlango wa kazi ni wa katibu. Mlango wa watoto una vitabu, na mtoto akibonyeza-bonyeza hafiki kwenye majina ya watu.

Kwa watoto tunapendekeza programu ya Kiwix. Inabeba Wikipedia nzima ndani ya kadi, ya Kiswahili na ya Kifaransa, pamoja na kamusi, na inasomwa bila rezo. Ile ya Kifaransa ni nzito sana, kwa hiyo tutachukua toleo dogo, tulipakue mara moja mahali penye rezo nzuri. Mnajua watoto wetu waliokulia kambini: Kiswahili kinatiririka, Kifaransa cha darasani kinawakwama kooni. Mtoto aliye na kamusi jioni, kesho yake anainua mkono darasani. Saa za watoto ziwe kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, na anayepokea tableti atie sahihi kwenye daftari, mtu mzima, si mtoto.

Na daftari la michango libaki. Kila mwezi majina na hesabu visomwe kwa sauti mbele ya wote, kama tulivyozoea. Mama ambaye hajui kusoma ekra ana haki ya kusikia jina lake na hela yake. Chombo kisije kikawa mlango wa kuficha hesabu.

Kwa kumaliza, pendekezo letu ni hili: tableti moja ya Android, inchi 8 mpaka 9, yenye SIM, GB 64 na RAM 4, USB-C na mlango wa kadi. Zipo za namna hii kuanzia dola 150 mpaka 200 hivi. Tukibakiza kitu, kisiende kwenye ekra kubwa zaidi. Kiende kwenye kava, pawabanki na pano. Na ninyi wafadhili, mkituuliza muongeze nini, jibu letu ni hilo hilo: ongezeni pano. Tableti bila moto ni kibao cha kukatia mboga.

Waliotaka tableti kubwa, tumewasikia. Siku ya mkutano tutapokezana ndogo mkono kwa mkono. Waliotaka shitingi, tumewasikia pia: orodha safi ndiyo itakayotuambia ni nyumba ngapi zinavuja, na za nani.

Sasa tunawaachia neno. Kwanza pigeni kura juu ya masharti ya majina, halafu juu ya ununuzi. Masharti yakikataliwa, sisi tunashauri tusinunue kwanza.