Chanjo ya Mbwa Isikatike: Kinga Dhidi ya Kichaa cha Mbwa

Hotuba kwa wakaazi kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28



Kichaa cha mbwa kimekuwapo Kenya kwa zaidi ya miaka 100. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa kuwa nacho alipatikana viungani mwa Nairobi mwaka 1912. Hadi leo, dalili zikishaonekana kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Lakini ugonjwa huu unazuilika, na hatua zimepigwa.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kumaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Makueni, Kitui, Machakos, Siaya na Kisumu zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuutekeleza. Nguzo yake kuu ni kuchanja mbwa, kwa kuwa takriban watu 99 kati ya kila 100 wanaougua huambukizwa na mbwa. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakiwa na chanjo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Kisiwa cha Pemba, nchini Tanzania, kimeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa kisiwani kote, ugonjwa ulitoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi, ukiletwa kutoka bara, na ukawakuta mbwa wasio na kinga. Ilibidi kampeni zianze tena, na kufikia Oktoba 2018 ulikuwa umemalizwa kwa mara ya pili.

Funzo hilo linahusu kila kaunti. Mbwa wazee hufa, watoto wa mbwa huzaliwa, wengine huletwa kutoka kwingine. Eneo lililochanja vizuri mwaka huu huwa na pengo mwaka ujao. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka, hata pale ambapo hakuna aliyesikia habari za mbwa mwenye kichaa.

Siku ya chanjo ikitangazwa, mwenye mbwa amlete akiwa amefungwa kamba, akishikwa na mtu mzima anayemzoea. Watoto wa mbwa nao waletwe. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe hata walio chini ya miezi 3. Cheti cha chanjo kihifadhiwe.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Kidonda kisipakwe majivu, pilipili wala dawa za kienyeji. Akianzishiwa sindano, azimalize zote kwa tarehe alizoandikiwa. Anayesubiri dalili kwanza huwa amechelewa.

Wazazi na walimu wawaambie watoto waseme mara moja wakiumwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa wa jirani anaweza kuficha jeraha hadi muda wa kumwokoa upite.

Mbwa anayebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi au anayeuma bila kuchokozwa asikaribiwe. Afisa wa mifugo wa wadi au chifu aarifiwe haraka.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Maafisa huleta chanjo hadi kijijini, lakini mwenye mbwa ndiye anayejua ana mbwa wangapi na yupi hajachanjwa. Akiwaleta wote, kila mwaka, mtoto wa jirani naye huwa salama.