Dalali wa Viwanja vya Ufukweni na Dhamana Yake



Katika mji wa pwani kama Bagamoyo, dalali wa viwanja hujulikana na kila mtu. Naye humjua mwenye shamba la minazi, warithi wake na mipaka yao. Jioni huketi baraza moja na waliouza na walionunua. Riziki yake ni kamisheni, lakini mtaji wake ni jina lake. Akiuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kesho hana baraza la kukaa.

Dalali mwaminifu hupimwa kwa maneno anayoyasema kabla fedha hazijatolewa. Humweleza mnunuzi kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hueleza kwamba, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Na kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kisha humpeleka mnunuzi kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi rasmi, na kwa majirani kuthibitisha mipaka.

Anayeharakisha malipo kwa kisingizio kwamba mteja mwingine yuko njiani, na aogopwe. Shamba la urithi likiuzwa kwa ghilba, kesi hudumu miaka na watoto hukosa pa kujenga. Mnunuzi na aulize, muuzaji na aandikishe, na dalali alinde jina lake.