Karata za Cowles na Hisa za Nairobi



Wengi wenu mnanunua na kuuza mifugo. Dalali akisifiwa kwamba ana jicho la ng'ombe, hamuulizi tu alipata faida kiasi gani mwaka wa mvua, kwa sababu mwaka huo hata asiye na jicho hupata. Mnauliza aliwazidi wenzake kwa lipi. Ajabu ni kwamba swali hilo tunalisahau mara bidhaa inapokuwa hisa, na muuzaji wa mfumo wa kununua na kuuza hisa akatuonyesha kwenye simu mchoro unaopanda tu.

Alfred Cowles wa Marekani hakulisahau. Mwaka 1933 alichapisha vipimo vyake vya makampuni 16 ya ushauri wa hisa: kwa wastani, aliyewafuata angeachwa nyuma na soko kwa takriban asilimia 1.4 kwa mwaka. Kisha akafanya jambo ninalolipenda zaidi. Dhidi ya watabiri 24 wa mwelekeo wa soko, alitunga watabiri bandia 24 kwa kuchomoa karata ovyo. Walioongoza miongoni mwa watu hawakuwa na la kujivunia mbele ya karata zilizoongoza.

Siku hizi karata huchomolewa na kompyuta. Hesabu mfumo ulinunua mara ngapi na kila mara ulikaa na hisa siku ngapi. Manunuzi hayohayo yatawanye kwenye tarehe za kubahatisha, mara 1,000 hivi, ukikata ada zilezile za wakala. Kila mtawanyo ni mwekezaji mbumbumbu; 200 kati ya hao 1,000 wakiupita mfumo, huo haujathibitisha kitu.

Nairobi ina mitego yake. Hisa nyingi hupitisha siku bila kuuzwa, bei ya zamani ikiendelea kuandikwa. Habari ikiingia, zinazouzwa sana husogea leo, zilizolala husogea keshokutwa. Fahirisi ya soko huonekana inatabirika, ilhali kwa bei ile iliyoandikwa humpati wa kukuuzia. Sehemu kubwa ya "siri" zinazonadiwa, kwa maoni yangu, ni usingizi huo tu. Wataalamu wenyewe walitofautiana: mwaka 1987 Parkinson alikataa dhana kwamba bei za Nairobi hutembea kwa kubahatisha; mwaka 1994 Dickinson na Muragu hawakuona sababu ya kuikataa.

Kuna pia marehemu, yaani kampuni zilizoanguka. Anayepima mfumo kwa kampuni zinazouzwa leo amekwisha kuziondoa Mumias na ARM Cement, yaani hasara ameifuta kabla ya kuanza kuhesabu. Akichagua Safaricom, iliyouzwa kwa umma shilingi 5 mwaka 2008 na kuvuka 40 mwaka 2021, hata karata ingetajirika. (Waliokuwa nayo mwaka 2009, ilipoporomoka chini ya 3, wanakumbuka vingine.)

Lakini mtego unaonasa hata wasomi ni wingi wa majaribio. Jaribu kanuni 20 zisizo na maana na zisizotegemeana, kila moja ikiwa na nafasi 1 kati ya 20 ya kufaulu kwa bahati: uwezekano kwamba walau moja itang'aa ni asilimia 64. Hiyo ndiyo itakayochapishwa kwenye tangazo. Kwa haki, aliyejaribu 20 angepaswa kuvuka kizingiti cha 1 kati ya 400 (ile 1 kati ya 20 ikigawanywa kwa majaribio 20), na matangazo niliyoyasoma hayataji kanuni ngapi zilitupwa.