Matuta ya Mlalo, Mitaro ya Hanna Nassif



Nimepewa mada ya uharibifu wa mazingira katika makazi duni ya mijini, na semina yetu tumeitiwa Lushoto, katika milima ya Usambara. Mahali penyewe panafaa. Kijana wa huku, wa Mlalo au Mtae, shamba la ukoo likishagawanywa mpaka kikabaki kipande cha mteremko, hupanda basi la kushuka Soni na Mombo, akaishia kupanga chumba bondeni Dar es Salaam. Ameacha ardhi inayosombwa na maji, amehamia nyumba inayoingia maji.

Tuanze na ardhi ya milimani. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta. Hoja ya wataalamu haikuwa ya uongo, maana udongo ulikuwa unakwenda kweli. Ila jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake, na kazi ya matuta waliongezewa juu ya kulima chakula, kutafuta kuni na kuchota maji. Jasho lao, faida ya kesho kutwa! Upinzani ukapamba moto, chama cha TANU kikajipatia wafuasi, na kabla ya Uhuru mpango ulikuwa umeachwa.

Mwaka 1981 ukaja mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kwa msaada wa Ujerumani. Mmomonyoko ulikuwa uleule, lakini safari hii kinga yake ilikuwa na kitu cha kula ndani yake. Majani ya Guatemala yalipandwa kwa mistari ya kukata mteremko, pamoja na miti. Mizizi inashika udongo. Jioni mama anakata majani, anafunga mzigo, anaupeleka bandani. Ng'ombe anatoa maziwa, samadi inarudi shambani. Asiye na ng'ombe, tuseme ukweli, hakuona utamu huo.

Sasa tushuke mjini. Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni, Dar es Salaam, iko ukingoni mwa bonde la Msimbazi na ilikuwa ikifurika kila masika. Katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe, kupitia jumuiya yao, walishiriki kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za mtaa, na waliofanya kazi walilipwa ujira. Aliyechimba alipata fedha ya wiki ile, na mvua iliponyesha maji yalikuwa na njia ya kupita. Linganisha na mafuriko ya Desemba 2011, ambapo waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao na masoko yao. Kiwanja bila kipato hakimshikilii mtu, na wapo waliorudi bondeni.

Nisiisifu Hanna Nassif kupita kiasi. Mtaro ukijengwa bila utaratibu wa kuzoa taka huziba, na mtaa ukitengenezwa kodi ya chumba hupanda. Mwenye nyumba hucheka. Mpangaji, ambaye pengine ndiye aliyeshika sururu, hufungasha virago na kutafuta bonde jingine. Huyu ndiye asiye na ng'ombe wa mjini, na miradi yetu mingi haimwoni kwa sababu jina lake haliko kwenye hati yoyote.

Kwa hiyo naomba maazimio ya semina hii yaanze na mpangaji: alipwe kwa kazi ya mtaro, awe na kiti katika kamati ya mtaa, na kodi yake ijadiliwe kabla koleo la kwanza halijagusa udongo.