Nyanya Mbichi Isichumwe kwa Woga



Tunasoma Injili ya Marko, sura ya 4, mistari ya 26 mpaka 29. Bwana wetu anasema juu ya mtu aliyepanda mbegu. Mtu huyo analala, anaamuka, mbegu inakua, naye hajui namna gani. Kunakuja jani, kisha suke, kisha ngano iliyokomaa. Ndipo mundu unaingia.

Sisi watu wa Kivu tunaelewa neno hili. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita mpaka wa nane, tunamwagilia bustani nyuma ya nyumba asubuhi na jioni. Lengalenga haikawii: majuma matatu ao mane, mama amekwisha kuchuma ya chakula. Lakini nyanya inatufundisha kungoja. Tangu ua lifunguke, zinapita siku 45, hata 60, mbele tunda liwe jekundu. Tunaliona limekuwa kubwa na bado ni la kijani, tunafikiri hakuna kinachofanyika. Kumbe ndani mbegu zinakomaa.

Nyanya iliyochumwa mbele mbegu zake zikomae, hata tuiweke siku ngapi ndani ya kikapu, haipati utamu. Mara nyingi inanyauka ao inaoza. Tunajua hivyo. Basi kwa nini tunachuma? Ni woga. Tunaogopa mwizi wa usiku. Tunaogopa vita, kwamba tutakimbia na kuacha yote.

Wapendwa, kwa nyanya hasara ni ndogo. Lakini woga huohuo umeingia katika nyumba zetu. Binti ana miaka 15, feza za shule zimekosekana, mtu amekuja na mahari, na sisi wazazi tunasema: afadhali aolewe mbele aharibike. Tunaita hiyo hekima, tena tunamwomba mchungaji aibariki. Sheria ya inchi yetu ya mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza ndoa ya mtu asiyetimiza miaka 18. Na mbele ya sheria hiyo, Bwana alikwisha kutuonyesha kwamba mundu una wakati wake. Binti anaweza kuonekana mkubwa, kama ile nyanya ya kijani, lakini nyonga zake bado ni nyembamba. Wengi wanaumia vibaya wakati wa kuzaa, wengine wanakufa.

Kungoja si kukaa bure. Anayengoja nyanya anamwagilia, anapalilia, anasimika mti wa kushikilia shina, anajenga uzio juu ya mwizi. Vivyo hivyo sisi. Kanisa linalochanga feza za harusi linaweza kuchanga feza za shule. Wamama wanaweza kumlinda binti wa jirani njiani. Wababa wanaweza kumjibu mwenye mahari: rudi wakati atakapokomaa, naye mwenyewe atasema ndiyo ao hapana.

Tuombe. Ee Bwana, utuondolee woga unaovuna mbichi. Utupe mikono ya kumwagilia na moyo wa kungoja. Kwa jina la Yesu. Amina.